Nyumba Huuzwa na Wangapi?

Vijana wanaokuja kwangu kuuliza habari za kununua nyumba chakavu, kuikarabati na kuiuza kwa faida huanza na simenti. Kila mmoja ana hesabu zake kwenye simu: mifuko ya simenti, bati, milango ya mninga, vigae, jipsamu, rangi, ufundi. Chini kabisa ya orodha kuna faida, nono, tayari imeshapangiwa matumizi. Nawasikiliza mpaka mwisho. Kisha nauliza: nyumba hiyo inauzwa na wangapi? Wengi hujibu, "Na mwenyewe, mama." Hapo naagiza chai, maana mazungumzo hayatakuwa mafupi.

Nilianza kazi ya uchapaji katika ofisi ya wakili mmoja hapa Dar es Salaam mwaka 1979. Mikataba ya mauziano ilipita mikononi mwangu kwa taipureta, nakala tatu kwa kaboni, na ukikosea herufi katika jina la mrithi unaanza ukurasa upya. Wauzaji na wanunuzi walisubiri kwenye benchi lililotazamana na meza yangu. Muuzaji akija peke yake, kapiga pasi shati, ana haraka, mkataba ule ulikuwa na safari ndefu. Wakija ndugu sita wasiosalimiana, mmoja na mtoto mgongoni, walitia sahihi na dole gumba siku hiyohiyo wakaenda zao. Wakili wangu alitafuta matatizo kwenye jalada, mimi nilikwisha kuyaona benchini.

Msidhani mambo haya yameletwa na tamaa ya warithi wa leo. Yana umri wa mji wenyewe. Kariakoo ilichorwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mitaa iliyonyooka na viwanja vidogo vilivyopangana, iwe sehemu ya kukaa Waafrika. Vita vilipokwisha Waingereza wakaendelea na ramani hiyohiyo. Wazungu walikaa upande wa bahari, Uzunguni. Wahindi walikaa katikati, Uhindini, kwenye maduka na maghorofa ya mawe. Sisi tulikuwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao uliachwa wazi makusudi ili kututenganisha, kwa kisingizio cha afya. Mwaka 1923 ikaja Sheria ya Ardhi iliyoweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mtu alipewa haki ya kukalia tu, kwa muda na kwa masharti. Na Mwafrika hakuweza kumwuzia asiye Mwafrika ardhi yake ikakubalika kisheria mpaka Gavana aridhie.

Kwa hiyo tangu mwanzo nyumba ya mji huu ilikuwa na wenyewe wawili: wa juu na wa chini. Wa juu alijenga kuta na kuezeka, wa chini alikuwa serikali. Bendera zimebadilika, lakini huyu wa chini hajawahi kuhama.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Mtaa wa Narung'ombe. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama wenyeji wa pwani wanavyoijua: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, baraza mbele kwa maongezi na biashara ndogo, uani kuna jiko, choo, kisima cha maji ya chumvi na banda la kuwekea kuni. Alikaa chumba kimoja cha nyuma, vitano akapangisha. Alikuwa mjane, anakaanga samaki, na nyumba ile ndiyo iliyomwezesha kuishi bila kumpigia mtu magoti. Wanawake wa namna yake walikuwa wengi Kariakoo ya zamani, wajane na waliopewa talaka, wenye nyumba kwa majina yao. Sijui kwa nini wanaoandika historia ya wafanyabiashara wa nyumba wa mji huu huwaruka wanawake hawa na kuanza na wenye maghorofa.

Nyumba hiyo haikujengwa kwa mkupuo. Kwanza fito na udongo, paa la makuti. Baadaye makuti yakaondoka, yakaja madebe yaliyokatwa na kunyooshwa. Madebe yakafuatiwa na mabati, chumba baada ya chumba, ndiyo maana paa la bibi lilikuwa na rangi tatu za kutu. Sakafu ya simenti ilifika ukumbini miaka kadhaa kabla ya kufika vyumbani. Bibi alikuwa akisema mtu akija kununua nyumba humtazami usoni, mtazame anaangalia nini. Wa zamani waliinua macho kwenye bati na kugonga milango kwa kifundo cha kidole, kwa sababu thamani yote ilikuwa huko juu. Udongo ni udongo, na kiwanja ni cha serikali.

Kwa nini alijenga taratibu hivyo? Vijana hudhani ni umaskini tu. Ulikuwepo, lakini na sheria ilikuwepo. Mwaka huohuo wa 1923 Waingereza walipitisha sheria nyingine ya kuzuia mikopo kwa Waafrika: aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa mkopo wenyewe umepewa kibali cha serikali kwa maandishi. Wenyewe walisema wanatulinda tusidhulumiwe na wenye maduka. Huenda walikuwa na hofu ya kweli. Lakini fikiria matokeo yake kwa mwenye nyumba ya vyumba sita inayoingiza kodi kila mwezi: ana mali, ana kipato, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemkopesha hela ya bati. Kwa hiyo akajenga kwa akiba ya samaki.

Tatizo hilo la mtaji ndilo analokuja nalo kijana wa leo, ingawa haoni uhusiano. Baada ya uhuru tulipata Benki ya Nyumba, ile tuliyoiita THB, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikopesha watu, wengine wakajenga kweli, wengi hawakurudisha, na mwaka 1995 ikafungwa. Sheria iliyonyoosha taratibu za mikopo ya nyumba kwa rehani haikupitishwa mpaka 2008. Katikati hapo palikuwa na pengo ambamo kizazi kizima kilijenga kwa pesa za mfukoni, na ndiyo sababu mji umejaa mapagale: jamvi mwaka huu, kuta miaka miwili baadaye, kupaua Mungu akijalia. Anayetaka kununua leo na kuuza ndani ya mwaka analeta mwendo wa mkopo katika mji uliozoea mwendo wa akiba. Riba haimsubiri fundi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, ule wa kizungu usio na kikomo, ikaugeuza kuwa upangaji wa miaka 99. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaandika tangu 1958 kwamba ardhi isigeuzwe kuwa bidhaa ya mtu kujinunulia na kuwapangisha wenzake. Kilichoweza kuuzwa ni kile ulichokifanya juu ya ardhi: kuta, kisima, miti. Na kweli katika mikataba niliyochapa mwanzoni tuliandika "maendelezo yaliyopo juu ya kiwanja", na bei ilikuwa ya maendelezo. Kila mtu benchini alijua kwamba kibanda cha fito karibu na Soko la Kariakoo hakina maendelezo ya bei ile. Tuliandika hivyohivyo, wakatia sahihi hivyohivyo.

Halafu ukaja mwaka 1971, ambao wazee wenye nyumba wakiutaja hushusha sauti hata leo. Mwezi Aprili serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye, mwaka 1990, shughuli zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Walioumia zaidi ni Wahindi wa mjini na Upanga, na wengi walifunga virago wakaondoka nchini. Nyumba ya Kiswahili iliponea kwenye udhalili wake. Udongo na mabati ya rangi tatu havikufika laki moja, na bibi yangu aliendelea kukusanya kodi yake kama kawaida. Lakini somo liliingia: ukiwa na pesa usijenge nyumba ya kupangisha inayoonekana. Kwa miaka kumi na zaidi pesa zilikaa chini ya godoro, au kwenye magari na mashamba.

Mimi nilifika ofisini katika hali hiyo. Biashara ya nyumba ilikuwepo, ila haikusema jina lake. Mpangaji wa nyumba ya Msajili alimwachia mwenzake funguo kwa kilemba, hela nzito isiyoandikwa popote, na kwenye karatasi ikasomeka kwamba amehama tu. Nilichapa barua hizo za kuhama, fupi na za heshima. Mwaka 1984 sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ikatungwa upya, na mpangaji aliyelindwa nayo hakuondolewa kirahisi. Ilifutwa 2005. Kwa hiyo aliyenunua nyumba kabla ya hapo alinunua na watu waliomo, na bei ilipanda au kushuka kwa kuangalia nani amelala chumba kipi. Vijana wanapolalamika kwamba mpangaji wa fremu ya mbele amelipa kodi ya mwaka mzima na hatoki, huwa nacheka kidogo. Huyo ana mwaka tu!

Kariakoo ilibadilika macho yetu yakiona. Biashara zilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, maduka yakahitaji nafasi, na wanunuzi wakaacha kutazama bati, wakatazama chini. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, ikaja kuandika lililokuwa likifanyika siku zote: kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Wakati huo matajiri walikuwa wameshaanza kupita mlango kwa mlango. Hawakununua daima. Mara nyingi walileta ubia: wewe leta kiwanja, mimi nitajenga ghorofa, utapata vyumba kadhaa juu na fremu moja au mbili chini. Familia zilizokuwa zimekaa ukumbi mmoja miaka hamsini zikajikuta zinagombania ghorofa ya ngapi ni ya nani. Mikataba hiyo nilichapa kwa kompyuta sasa, kurasa kumi na mbili badala ya mbili, na kila ukurasa ulioongezeka ulitokana na ugomvi wa mtu aliyetangulia. Mpaka sheria nyingine ya 2008 ilipowezesha hati ya sehemu ya jengo, mwenye vyumba vyake ghorofa ya tatu alikuwa na ufunguo na maneno ya tajiri.

Haraka ile ya kujenga maghorofa ilikuwa na gharama nyingine. Mwaka 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu zaidi ya thelathini. Novemba 2024 likaanguka jingine, Kariakoo kwenyewe, watu wakiwa kwenye biashara zao. Kijana anayeniambia atavunja ukuta wa katikati "ili sebule ipumue", namwuliza kama amemleta mhandisi au amemleta fundi wa rangi.

Sasa wanaoanza hawaendi Kariakoo. Hawaiwezi. Wanakwenda Sinza, Kijitonyama, Magomeni, Tabata. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja vyenye huduma uliogharimiwa na Benki ya Dunia: barabara, maji, kiwanja, halafu jijengee mwenyewe. Waliopewa ofa, yaani barua za kumilikishwa viwanja, walikuwa makarani, walimu, manesi, madereva wa mashirika ya umma. Leo wenye ofa zile ni wazee sana au wametangulia mbele ya haki. Nyumba imechoka, mahali ni pazuri, watoto wametawanyika. Kwa macho ya mnunuzi wa kukarabati na kuuza, hapo pana asali. Na kweli ipo, ila tazama mzinga.

Kwanza hati. Hati za nchi hii hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na mgeni wa biashara husoma jina na namba ya kiwanja, hasomi mwaka ilipoanzia. Nimeona mtu ananunua ofa iliyobakiza miaka minne kwa bei ya hati mpya. Pili, jina lililoandikwa ni la marehemu. Hapo muuzaji si mtoto mwenye ufunguo, hata kama ndiye aliyemuuguza baba. Unahitaji muhtasari wa kikao cha ukoo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tena msimamizi si mmiliki. Amewekwa kugawa, na mrithi asiyeridhika anaweza kumfuata mahakamani wakati wewe umeshaweka vigae.

Tatu, mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, iliyopitishwa mwaka uleule wa 1971, kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nilipenda kifungu hiki kuliko vyote nilivyowahi kuchapa, na nitasema bila haya kwamba nilikuwa nikiwauliza wanaume benchini, kabla wakili hajatoka, "Mama watoto yuko wapi?" Wapo waliokumbuka ghafla kwamba wana miadi sehemu nyingine.

Pale pasipopimwa mambo huenda kwa serikali ya mtaa, mwenyekiti anagonga muhuri, majirani wanashuhudia mipaka, dalali anasubiri asilimia kumi yake kwenye kivuli cha mwembe. Tangu miaka ya 2000 kuna leseni ya makazi kwa maeneo hayo, karatasi yenye faida yake, lakini ya muda mfupi, isiyozidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Wengi huiuza kwa mdomo kama hati. Hapo tena mwenye nyumba wa chini hukumbusha kwamba yupo: Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kuvunjwa, na 2017 zikafuata zilizo kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro, Kimara kuelekea Kibaha. Baadhi ya zile za Kimara zilikuwa zimepakwa rangi karibuni, kwa ajili ya mnunuzi.

Kodi nitaisema kwa kifupi kwa sababu haina siri. Mkazi akiuza nyumba, serikali inachukua asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani. Nafuu iliyopo ni kwa aliyemiliki nyumba na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, na faida yake haikuzidi shilingi milioni 15. Mkarabati wa haraka haingii humo. Na faida hupatikana kwa kutoa gharama, gharama huthibitishwa kwa risiti, na fundi wako umemlipa mkononi kila Jumamosi. Mabati umeyanunua kwa mtu anayekuuliza kama unataka bei ya risiti au bei ya kawaida. Ukichagua ya kawaida, unakuja kuilipia siku ya kuuza.

Utaniuliza kama kuna anayefaulu. Wapo. Mmoja ninayemfahamu, mama aliyestaafu unesi, hununua nyumba moja, anahamia humo, anakarabati akiwa ndani, anauza baada ya miaka minne au mitano. Wapangaji wanamjua, mjumbe anamjua, mama mjane wa nyumba ya pili anamletea uji. Anauza ghali kuliko vijana wote, na mikataba yake ni ya kurasa mbili.

Kwa sasa ninamsaidia binti mmoja, mtoto wa jirani yangu, aliyepata nyumba Sinza. Baba mwenye nyumba alifariki, mama yupo na anaishi chumba cha uani, watoto ni watano. Msimamizi wa mirathi ni wa pili kuzaliwa, barua ya mahakama ninayo. Kishika uchumba kimetolewa, kidogo, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mama amekubali kwa sharti la kupangiwa vyumba viwili mtaa huohuo, na sharti hilo tumelitia kwenye mkataba kabla ya bei. Mwenye duka la dawa kwenye fremu ya mbele amelipa mpaka Juni, naye ameandikwa. Watoto wanne wametia sahihi. Wa tano yuko Muscat, ameolewa huko, na waraka wake wa uwakili ulifika wiki iliyopita una sahihi lakini hauna muhuri wa ubalozi. Tumeurudisha.

"Mama, si niendelee tu kuvunja jiko wakati tunasubiri?" aliniuliza juzi. Nimemkataza asiguse hata tofali. Fundi wake amechoka kungoja, amepata kazi Goba.